Kitasa Kinachopinga Bwawa

Siku hizo kila programu huria ilikuwa na msimamo wake, na aliyeitumia sharti aukubali kwa sauti. Programu iliyoendesha vitasa vya milango ilipinga bwawa jipya. Mwanahawa ndiye aliyeuandika msimamo huo, na kila asubuhi alitazama kwa fahari idadi ya waliokubali.

Leo mdogo wake, Sikujua, mke wa fundi wa bwawa hilohilo, alisimama mlangoni kwa dada yake na bakuli la uji wa mama yao mgonjwa, aliyelala humo ndani.

"Dada, nifungulie."

Mwanahawa hakuinuka. "Kitasa kinamsikiliza aliye nje. Sema tu, mdogo wangu."

Uji ulikuwa unapoa.

"Nakubali," Sikujua akasema, kama aliyemeza shubiri.

Mlango ukafunguka. Akampita dada yake bila salamu. Kwenye simu ya Mwanahawa, idadi ya waliokubali ikaongezeka kwa mmoja.