Bomba Zima, Shemeji

"Onyesheni mikono!" alisema meneja.

Wafanyakazi wote wa kisima cha mafuta walikuwa wamepangwa kwenye karakana kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Wengine walicheka. Fundi wa maji ya moto hakucheka, roho yake ilikuwa juu. Asubuhi ile, bila kumwambia mtu ila meneja, alikuwa amemimina rangi nyekundu kwenye tangi la boila, rangi kali isiyotoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Aliyekuwa akimwibia maji yake angejulikana leo.

Maji yake, ndiyo! Mafuta ya pale yalikuwa mazito kama lami, yamejikalia zao huko chini kwenye mwamba, hayapandi kwa pampu wala kwa kubembelezwa. Fundi ndiye aliyewaapia wakubwa: tuyasukumie maji ya moto, yalainike, yatapanda yenyewe. Wakubwa wakakubali shingo upande. Wakampa kisima kimoja cha kujaribia, wakamwambia wazi kwamba kikishindwa kitazibwa kwa saruji na watu wote watarudi makwao, akianza yeye.

Na kilikuwa kinashindwa. Maji yalitoka kwenye boila tele, yakichemka, yakafika kisimani kiduchu, vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Katikati palikuwa na bomba tu, lililofukiwa ardhini, likipita nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Juu yake hapakuwa na tope wala unyevu. Kuvuja gani huko kusikolowesha hata jani? Aa, palikuwa na mtu anayeyaiba.

Mkaguzi wa bomba alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Kila jioni alileta taarifa ile ile, kofia mkononi: "Bomba zima, shemeji." Fundi ndiye aliyemtafutia ile kazi, karibu ampigie meneja magoti.

"Ukiniharibia, dada yako atalala nje," alizoea kumtania.

"Mlaze tu. Utafua soksi zako mwenyewe," shemeji alijibu, na wote wawili wakacheka, kwa maana fundi alikuwa hajui kufua hata leso. Mkewe alifua mashuka meupe ya nyumba za wageni karibu zote za mjini, na bado kila jioni, hata mumewe achelewe vipi, ndoo ya maji ya moto ilimngoja bafuni. Fundi alijivunia mwanamke yule mbele ya kila mtu.

Meneja alipita mstarini. Mikono ya grisi, mikono ya makovu, mikono safi ya karani. Shemeji alikuwa wa mwisho, na mikono yake ilikuwa mfukoni.

"Toa," meneja alisema.

Akaitoa, akapandisha mikono ya shati. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

Fundi alisogea mbele. Angetajiwa mtu yeyote mwingine angeamini, lakini huyu!

"Wewe? Wewe unayekula mezani kwangu?"

"Ni mimi," shemeji alisema, macho chini. "Nilitoboa bomba. Nilikuwa nauza maji. Leo nimelifunga, halitavuja tena."

"Unauzia nani?"

Shemeji alirudisha mikono mfukoni.

"Nauliza, unauzia nani!"

"Nifukuzeni tu, shemeji. Yaishie hapa hapa. Usiende nayo nyumbani."

Hapo ndipo damu ilipomchemka fundi. Mwizi anamchagulia tena mahali pa kusemea! "Kumbe unamwogopa dada yako kuliko Mungu," alifoka. "Nitamweleza yote, ajue ana kaka wa namna gani. Umenigeuka, bwana. Umenichimbia kaburi huku unanichekea."

Meneja aliuliza taratibu kama wamalizane kiofisi au waite polisi. Alimwachia fundi aseme.

"Polisi," fundi alisema.

Shemeji alipokuwa akipandishwa kwenye gari la polisi aligeuka kama anayetaka kusema neno, kisha akavaa kofia yake, akainamisha kichwa. Fundi alimpa mgongo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka mwizi ayaone.

Alikwenda nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado kali, akipanga maneno njia nzima. Mke wangu, kaa kwanza. Mke wangu, si kosa lako. Damu ni yako lakini roho si yako. Alimhurumia. Kuwa na kaka mmoja tu duniani, halafu awe yule! Akaapa moyoni hatampandishia sauti, hata akimtetea kaka yake, hata akilia. Yeye alikuwa na mke mwaminifu, na mtu mwenye mke mwaminifu hajapoteza kila kitu.

Akasukuma lango la uani.

Mkewe alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, mikono ameifutika ndani ya aproni. Hakusimama kumpokea.

Juu yake, kamba baada ya kamba, mashuka ya wateja yalikuwa yameanikwa kutoka ukuta hadi ukuta, na hapakuwa na hata moja jeupe.