Nyumba Iliyomezwa na Mweru

Mgeni aliruka kutoka kwenye bwato kabla halijagusa mchanga, simu ameinyanyua juu isilowe. Alikuja moja kwa moja hadi kwa Gauthier, akamwekea kioo mbele ya macho.

"Weye ndjo ulipiga hii foto?"

Gauthier aliitambua mara moja. Tangu ziwa Mweru lilipoanza kupanda na kula ufuko, alikuwa akienda kijiji cha Kabuta kila mwezi, anasimama mahali palepale, anapiga nyumba zilezile, ili watu wa mbali waone maji yanavyosogea. Shirika lililompa kamera lilizisambaza picha zake. Hii ilikuwa ya kabla ya mvua kubwa: nyumba ya udongo, maji karibu na kizingiti, na mlangoni mwanamke mwenye beseni, amegeuza uso ghafla.

"Ni miye."

Mgeni alifumba macho. "Naitwa Pitchou. Huyu ni mudogo yangu, Florentine. Vita ilitutawanya. Nilizania alikufa. Juzi, kule Kilwa ya Congo, mutu mumoja ananionyesha hii foto. Nililia mbele ya watu."

Gauthier naye alivuka kutoka Congo kuja Zambia akikimbia, na alikuwa na watu wake ambao hakujua walikoishia. Mara nyingi alijiuliza kama kazi yake inamsaidia yeyote. Wakubwa walizitazama picha, wakatikisa vichwa, na maji yakaendelea kupanda. Leo picha moja imemletea mtu ndugu yake.

"Twende," alisema. "Nitakufikisha mwenyewe."

Alimpakia kwenye baiskeli, wakaifuata njia ya Kabuta.

"Iko na mwanaume kule?" Pitchou aliuliza nyuma yake.

"Sijui. Mimi namjua kwa sura tu. Alikuwa anaishi kwa Mama Eneless, mjane wa hapa."

"Wao wawili tu?"

"Wao wawili."

Pitchou alicheka kidogo. "Mungu ni mukubwa."

Gauthier hakumwambia kilichokuwa kinamsumbua. Wakati wa mvua malaria ilimlaza hospitalini Mansa, na aliporudi Kabuta ile nyumba haikuwapo tena. Alipiga picha ya maji, akapanda baiskeli, akaondoka. Hakuuliza waliokuwa ndani walienda wapi.

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa chisense waliwaelekeza juu, mbali na ziwa, kwenye kibanda kipya na jiko la nyasi pembeni. Pitchou aliruka kabla baiskeli haijasimama.

"Florentine! Eh, Florentine!"

Mama Eneless alitoka jikoni, akauvuta mlango nyuma yake. Alimtazama mgeni, kisha akamtazama Gauthier muda mrefu.

"Karibuni, mukwai," alisema kwa adabu. Hakuwapa viti.

"Mama, huyu ni kaka ya Florentine. Aliona foto yangu."

"Foto yako," alirudia Eneless. Alikaa chini taratibu, akavuta kitenge hadi kichwani. "Ba Gauthier, ulikuwa wapi wakati wa mvua? Nyumba ilituangukia. Mimi nilitoka. Yeye alirudi ndani kuchukua blanketi. Mweru alimchukua, hata kumzika hatukumzika."

Pitchou hakulia.

"Mama, unadanganya."

"Mwonyeshe," Eneless alimwambia Gauthier. "Kazi yako si kuonyesha watu? Mwonyeshe."

Gauthier alifungua kamera. Kwanza nyumba, maji yakiwa kizingitini. Kisha mahali palepale, kilima kilekile nyuma, na mbele maji matupu, nguzo moja imechomoza. Pitchou alimpokonya kamera. Alienda kwenye picha ya kwanza, akarudi kwenye ya pili, akaenda tena.

"Hii ulipiga weye mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hukuona mutu?"

"Sikuona mutu."

"Nitumie kwenye simu. Nyumbani watataka kuona."

Gauthier alimtumia. Pitchou aliitazama mara nyingine, akaweka simu mfukoni, akateremka ufukoni bila kumuaga mama. Wavuvi wa Congo walikuwa wanajiandaa kuvuka, akapanda nao. Kabla bwato halijasukumwa, aliinama, akatema mate majini. Kila mutu na msiba wake, Gauthier alijiambia.

Alirudi juu polepole. Alitamani asingeenda na yule mgeni. Alitamani asingepiga picha hata moja.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nilipiga maji. Sikuuliza juu ya mutu."

Eneless alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho, anaufuata ule mtumbwi. Ulikuwa mdogo, kisha ukawa kitone, kisha ziwa likabaki jeupe, halina kitu.

Ndipo akaenda jikoni, akausukuma mlango wa nyasi.

"Toka, Florentine, mwanangu," alisema. "Bwana yako ameenda."