Simu ya Benchi

Dakika ya sabini simu ya benchi ikalia, kama kawaida. Kocha hakuipokea. Alimpa mama anayefua jezi.

"Mtoe namba tisa!" mmiliki wa timu alifoka kutoka jukwaa la juu. Msimu huu ameshafukuza makocha watatu kwa simu hiyohiyo. "Amekosa mabao manne! Mguu ule au mwiko?"

"Salamu kwanza," mama alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akahamishia simu mkono wa pili, vidole vyake vilikuwa bado vimekunjamana kwa maji ya sabuni. "Miaka kumi na mmoja uliyochezea timu hii, jezi zako nilifua mimi. Fainali ile ulikosa matano. Mapumziko ukalia, kamasi zote kwenye taulo langu. Kocha angekutoa, lile la ushindi angefunga nani?"

Mmiliki alisikika akihema.

"Basi mwacheni," alisema kwa sauti ya chini. "Ila kocha asijue nimekubali."

Mama alimtazama kocha, ambaye sikio lake lilikuwa limegandana na simu.

"Hatajua," alijibu, na kocha akaing'ata kola ya fulana yake asije akacheka.