Mpira wa Kaburini

Malkhazi alikuwa chini ya lundo la watu, mpira kifuani, matope mdomoni. Mpira wenyewe ni ngozi iliyoshindiliwa udongo na kulowekwa divai, mzito kama mtoto wa shule. Ukivuka kijito cha Chini, kijiji cha Chini kimeshinda. Ukivuka kijito cha Juu, wameshinda wa Juu. Washindi huenda kuulaza makaburini mwao, kwa mtu aliyefariki mwaka huo. Huku Guria, mkoa wa Georgia, Pasaka ni hiyo.

Hakupaswa kuwa pale. Klabu ya raga ya Ufaransa iliyompa mkataba wake wa kwanza ilimwonya: bega hilo likiteguka tena, asirudi. Msimu mzima alisukumana na majitu mazoezini, siku za mechi akakaa benchi, usiku akalala chumba cha kupanga na barafu begani. Baba yake alipofariki wakati wa theluji, aliomba ruhusa akazike. Wakamwambia mchezaji mpya haombi ruhusa. Basi alikuja kumzika kwa mpira.

Asubuhi mama yake alipanga mayai mekundu ya Pasaka na chupa ya divai kikapuni, akasema anatangulia kaburini kumngojea. Hakumuuliza kama ataweza.

Mjomba wake Varlami, kiongozi wa wachezaji wa Chini, alimshika shingo kabla mchezo haujaanza.

"Mpwa wangu, kula jibini ya Wafaransa ushibe, lakini usisahau kijiji cha mama yako kilichokulea."

"Sijasahau, mjomba."

Sasa kijito cha Chini kilikuwa karibu hata alisikia maji. Otia wa kijiji cha Juu, aliyesoma naye, alikuwa amemlalia mgongoni, akimhemea sikioni kama ng'ombe.

"Umechoka, Mfaransa," akamwambia. "Lete nikubebee."

Kweli alikuwa amechoka. Alichoka tangu msimu ulipoanza. Malkhazi akajikunja kama mzee anayetafuta kigoda, na mpira ukamtoka.

Wa Juu wakaunyakua. Wakasukumana nao mashambani, wakaangusha ua wa padri, wakapita na nguo zilizoanikwa, mpaka ng'ambo ya kijito chao. Varlami alitema mate, akasema huko Ufaransa wamemtoa huyu mifupa wakamtia siagi. Wanawake wa Chini wakamgeuzia visogo.

 Malkhazi aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akapanda kilima polepole nyuma ya washindi waliokuwa wakiimba.

Makaburini mwa Juu mama yake alikuwa amekaa pale pale tangu asubuhi, katikati ya makaburi ya wakwe zake, kikapu miguuni. Alipowaona wanakuja, akayasogeza mayai kwenye kaburi la mumewe, Otia apate pa kuulaza mpira.