Mbuzi ya Shukrani

"Mbuzi ni yake, kisu ni yake. Mpe," bibi ya Nzuki akaambia shemeji yake.

"Nimpe ajikate? Hata kijiko inamshinda, na ni wewe humlisha."

Ndugu yake mdogo na bibi yake walikuwa wanagombana juu ya kichwa yake, kama hayuko. Nzuki alikuwa ametoka ICU na mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuta, na ile mpira ya kupumua ilikuwa imekwaruza koo mpaka sauti ikabaki pumzi tu. Lakini hii ilikuwa boma yake ya Kitengela, na kwao mwenye boma ndiye huchinja. Watu wa kanisa, wamekuja kushukuru Mungu kwa kupona kwake, walikuwa wamejaa kwa uwanja wakingoja.

Akabana gongo kwa kwapa, akachukua kisu kwa ndugu yake na mkono wa kushoto. Kisu haikuanguka.

"Nitachinja mimi," akasema.

Hakuna mtu alisikia. Ndugu yake akainama, akaweka sikio karibu na mdomo wa Nzuki. Nzuki akarudia pole pole, neno moja moja.

Ndugu akasimama wima, akageukia watu. "Mwenye boma amesema nichinje mimi."

Wakapiga makofi.

Nzuki akaangalia bibi yake. Tangu hospitali ni yeye tu alikuwa anasoma midomo yake, na alikuwa ameelewa kila neno. Bibi akaangalia watu wakipiga makofi, akainamisha macho. Akamfungua vidole, kimoja baada ya kingine, akatoa kisu, akampatia shemeji yake.

Nzuki akageuka na gongo lake, akaenda zake kwa nyumba.