Jiwe la Upande Usio na Moshi

Mama yake Okgeum alipoinuka kwenye jiwe la upande usio na moshi, wanawake wapiga mbizi wote waliokuwa wakiota moto wakamgeukia.

Jiwe lile hukaliwa na aliye fundi wa kupiga mbizi kuliko wenzake, na mama alilikalia tangu Okgeum akinyonya. Sasa Okgeum mwenyewe ana watoto wawili, na miaka yote ameota moto ng'ambo ya pili, moshi ukimtoa machozi.

Asubuhi hiyo mama alizama penye mwamba mrefu akaibuka mikono mitupu. Okgeum akazama palepale, akatoka na konokono wa bahari mpana kama sahani, wa kupelekwa kwa mfalme kama kodi.

"Kaa," mama akamwambia, akimwonyesha jiwe.

"Mama, leo umechoka tu. Kesho utazama vizuri."

"Nakuachia jiwe, wewe wanitafutia ugonjwa?"

Wanawake wakacheka. Okgeum akabaki amesimama, maji ya chumvi yakimchuruzika kutoka nyweleni hadi kidevuni.

Mama akauzunguka moto mpaka kwa wale wa kwenye moshi.

"Hebu sogeeni huko," akawaambia, "mama yake fundi apate pa kukaa."