Watazamaji wa Bure

Shuka la njano lilitokeza tena kwenye dirisha la ghorofa ya nne, likapungwa juu chini kwa fujo, na meneja wa uwanja akaapa kwamba msimu hauishi kabla hajalikomesha.

Bao lilikuwa limeingia. Nahodha, badala ya kukimbilia jukwaa kuu walikokaa wenye tiketi zao, alikimbia upande ule ule wa siku zote, akasimama nyuma ya goli la kaskazini na kuinua mikono kuelekea maghorofa ya ng'ambo ya barabara. Madirishani na juu ya mapaa watu walipiga sufuria na mbinja. Jukwaani walipiga makofi watu wa kuhesabika, wengine wamejifunika magazeti kichwani kwa jua.

"Unawaona?" meneja alimwambia mlinzi wa geti. "Mpira wanatazama bure, halafu mwenyekiti ananiuliza mimi kwa nini viti ni vitupu!"

"Bosi, kuna na mengine," mlinzi alisema. Alikuwa mtu mzima, mpole, ila kunyamaza panapofaa hakujaliwa. "Jua linawachoma. Choo kinachofanya kazi ni kimoja. Na zile ngazi hazina hata pa kushikilia. Wengine wanafika hapa getini, wanazitazama, wanageuza."

"Huu ni uwanja wa mpira, mzee, si kliniki."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa. Mwenyekiti alishamwambia bila kuzunguka: msimu ujao ujaze uwanja, au ukatafute kazi nyingine. Na alishajaribu kila kitu. Alipeleka gari la matangazo mitaani, watu wakafunga madirisha. Alileta bendi, wapiga tarumbeta wakawa wengi kuliko wasikilizaji. Alisogeza mechi jioni kukwepa jua, ikagongana na ligi ya Ulaya kwenye televisheni, na siku hiyo hata daktari wa timu alichelewa kufika. Hasira zilimpanda, zikakosa pa kwenda, mwisho zikatua kwenye yale madirisha.

Tumaini lake lililobaki lilikuwa nahodha. Timu kubwa zilimtaka, naye alizikataa moja baada ya nyingine bila kutoa sababu. Meneja alijua sababu: mapenzi ya jezi, basi. Mkataba wa zamani ulikuwa ukingoni, mpya ulikuwa mezani, na mabango ya msimu ujao, yenye sura ya nahodha kutoka kona hadi kona, yalishachapishwa.

Kilichomkera kwa kijana huyu ni ule ushangiliaji. Akamwita ofisini.

"Mwanangu, kwa nini unashangilia na wezi?"

"Wezi gani, Meneja?"

"Wa madirishani! Yule wa shuka la njano ndiye kinara wao. Kashangilie na waliolipa."

Nahodha alitazama viatu vyake, akitabasamu kidogo. "Nimekusikia."

Meneja akamsogezea tiketi za jukwaa kuu kwa ajili ya familia, kama alivyofanya kabla ya kila mechi. Nahodha akazirudisha taratibu, kama alivyozirudisha kila mara. "Mpe mwingine, Meneja. Zitapotea bure."

Alipotoka, meneja alibamiza droo. Hata jamaa wa nahodha hawaji! Sasa wa mtaani atawalaumu kwa lipi?

Wiki ile ile akaleta mafundi wa kuchomelea. Walisimamisha nguzo za chuma nyuma ya goli la kaskazini, wakazipandisha mabati, juu, na juu zaidi, mpaka maghorofa yote yakapotea.

"Sasa waje wakate tiketi," alisema meneja, akisugua viganja.

Hakuja hata mmoja. Mechi iliyofuata uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba kocha wa wageni alipokohoa, watu waligeuka kumtazama. Nahodha alifunga bao zuri kuliko yote aliyofunga msimu ule. Miguu ikampeleka kaskazini kwa mazoea, akafika nyuma ya goli, mikono ikiwa nusu angani, akasimama mbele ya mabati. Kisha akaishusha, akarudi katikati akitembea. Wenzake hawakujua wampongeze au wampe pole.

Baada ya mechi aliingia ofisini na begi begani. Meneja alishamwekea kalamu juu ya mkataba.

"Kaa, mwanangu. Tumalize jambo letu."

Nahodha hakukaa. "Nimeshasaini kwingine, Meneja. Jana."

Meneja aliona mabango yake yote yakiishia jalalani, na yeye nyuma yake. Aliinuka kitini. "Timu ipi hiyo? Si ile ndogo iliyopanda daraja juzi? Wamekupa nini ambacho sisi hatuna? Sema, tutaongeza!"

Nahodha alitazama nje, mabati yakimeremeta kwa jua la jioni. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza meneja zaidi kuliko kama angefoka.

"Nyumba tu," alisema. "Iko mkabala na uwanja. Kitanda cha mama kitakaa dirishani."

Akafungua begi ili arudishe jezi, na ilibidi kwanza aliondoe shuka la njano lililokunjwa vizuri juu yake.